Nilimwonea mwanangu, kosa lilikuwa kabatini

Kwa wiki mbili nilikuwa namnyang'anya mwanangu simu kila jioni. Yuko kidato cha nne, na mitihani ya miaka ya nyuma anaisomea humo humo. Lakini kila baba yake alipofungua taarifa ya habari chumbani, picha inakwama, nami nikaamini kijana anamaliza intaneti kwa michezo. Aliapa hajagusa. Sikumsikiliza.

Jumamosi nikampigia mdogo wangu, fundi kompyuta. "Dada, ruta umeiweka wapi?" Nikajibu kwa fahari: ndani ya kabati la sebuleni, nyuma ya televisheni, nimeifunika kitambaa cha kufuma isishike vumbi. Alicheka mpaka nikakasirika.

Akaniambia nisimame karibu na ruta nifungue video, kisha nikaifungue tena chumbani. Sebuleni ilikwenda vizuri, chumbani ikagoma. "Basi laini ni nzima, mawimbi ndiyo hayafiki. Ingekwama hata hapo karibu, uzime ruta, uiwashe tena. Ikigoma, ndipo uwapigie kampuni." Wenye faiba waangalie na taa iliyoandikwa LOS. Ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa. Mara nyingi ni waya uliokatika au kukunjwa.

Nikaitoa. Ilikuwa na joto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi, maskini, chini ya kitambaa changu. Nikaichomoa umeme nusu dakika, kisha nikaiweka kwenye rafu ya koridoni, juu, pakavu, mbali na friji na maikrowevu.

Kumbe pia ruta yetu ina majina mawili. Lenye 5G mwishoni (si ile 5G ya mitandao ya simu) lina kasi ila kuta hulichosha haraka. Chumbani sasa tunatumia lile la 2.4, halina mbio lakini linafika.

Halafu akanionyesha orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Sisi tuko wanne. Vifaa vilikuwa kumi na kimoja! Nywila ilikuwa ile ile ya kwenye kibandiko, niliyoigawa kwa wageni siku ya kipaimara. Tumeibadilisha.

Usiku nikamwita mwanangu, nikamrudishia simu na kumwambia nimemkosea. Alinyamaza kidogo. "Mama, zile wiki mbili nimerukwa na mada tatu za fizikia." Tunazisoma pamoja kila jioni, ingawa mimi fizikia niliiacha kidato cha pili.