Tumbo Linawaka: Ni Sumu ya Jirani ao Ni Mikrobi?



Hapa kwetu Butembo, na kule Beni vilevile, mtu akilalamika "tumbo inaniwaka", majibu ni mawili. Wengine wanasema ni pilipili. Wengine wananong'ona: "Banamupatia sumu." Basi majirani wanaacha kusalimiana na jamaa inagawanyika, juu ya ugonjwa ambao muganga anaweza kuupima. Sisi wa mwaka wa sita tunaona haifai kunyamaza.

Tumbo lina asidi kali ya kuyeyusha nyama. Mbona haliyeyuki lenyewe? Ndani limepakwa ute mzito, wenye chumvi inayozima asidi. Na chini ya ute, seli zimeshikamana kama matofali. Huo ndio ukuta wetu.

Adui wa ukuta huo ni mikrobi aitwaye Helicobacter pylori. Waganga wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walimwotesha katika laboratwari mwaka 1982. Mwaka 1984 Marshall alimnywa yeye mwenyewe, akaugua tumbo! Mwaka 2005 wakapewa zawadi ya Nobel.

Mikrobi huyu anatengeneza amonia inayozima asidi kando yake na kulainisha ute, kisha anapenya akijizungusha. Akifika kwenye seli anatoa sumu zake, anaachanisha matofali. Asidi inapita katika nyufa, na kidonda kinaweza kuanza. Kumbe sumu iko kweli, lakini si jirani aliyeitia.

Wengi wanaye tangu utoto, na hawasikii kitu. Lakini kwa wengine analeta vidonda, hata kansa. Pilipili haimzai. Bali aspirini na ibuprofeni, tunazomeza ovyo wakati wa mitihani, nazo zinadhoofisha ukuta uleule.

Dawa iko: mara nyingi antibiotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa siku 14. Mwenye kuacha siku ya tano, eti maumivu yamepita, anabakiza mikrobi waliozoea dawa. Na mwenye kutapika damu, ao kutoa choo cheusi kama lami, aende hospitali siku ileile.

Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, Beni na Butembo tulinawa mikono kwenye kila mlango. Desturi ile tusiiache, maana mikrobi huyu naye anaingia kwa kinywa.

Basi tumbo likiwaka, tupimwe mbele ya kumtaja mtu. Kidonda cha tumbo kina dawa. Jina la jirani likiisha kuchafuliwa, hakuna kidonge cha kulisafisha.

Doyeni wa wanafunzi, mwaka wa sita