Ikwalaiza Yako Haikai Marekani

Wasee, leo nitaudhi maprodyusa kadhaa. Zile priseti za ikwalaiza mnazopakua na kubandika kwa kila msanii zinaua nyimbo zetu. Si ati zenyewe ni mbovu. Shida ni kwamba zilitengenezewa mtu mwingine, aliyeimba kwa maiki nyingine, ndani ya chumba kingine. Sisi tuko Mahoo, huku Taveta. Tunarekodi chini ya mabati, kwa chumba chenye kuta za simiti, na migomba iko nje ya dirisha. Hakuna priseti inayojua hayo.

Kwa wale ndio wanaanza: ikwalaiza ni kile kifaa ndani ya programu kinachokuruhusu kupandisha au kushusha sehemu moja ya sauti bila kugusa zingine. Sikio la binadamu husikia kutoka kama Hz 20 hadi Hz 20,000. Chini kabisa kuna besi na ngoma. Katikati ndipo maneno yanakaa. Juu kuna matoazi, kayamba na ile pumzi ya mwimbaji. Jina lenyewe maana yake ni kisawazishi. Zamani watu wa simu walikuwa na shida: waya mrefu unameza sauti za juu kuliko za chini, kwa hivyo wakatengeneza saketi ya kurudisha usawa. Yaani kazi ya kwanza ya hiki kitu ilikuwa mtu aeleweke na yule wa upande wa pili. Shika hilo, tutalihitaji.

Sasa mfano wa kwa nini kunakili hakusaidii. Fungua video yoyote ya Mmarekani kuhusu kuondoa mngurumo wa stima kwenye rekodi. Atakwambia kata Hz 60, halafu Hz 120. Kwake ni sawa, kwa sababu stima yao ni ya Hz 60. Ya Kenya ni volti 240, Hz 50. Mngurumo wetu unakaa 50, 100, 150. Ukifuata video yake hatua kwa hatua, utakata mahali hakuna kitu, na mngurumo utabaki pale pale ukikucheka. Namba ni sahihi, nchi ndiyo si yenyewe.

Na hii si hadithi ya mngurumo peke yake. Kuna dada mmoja hapa kijijini anaimba Kitaveta. Alienda studio moja ya mjini, akalipa, akarudi na wimbo umepigwa rangi kweli kweli. Besi inatikisa meza. Akamchezea nyanya yake kwa simu. Nyanya akasikiliza hadi mwisho, akauliza kwa upole, "Mjukuu wangu, hapa ulikuwa unaimba lugha gani?"

Dada akaniletea faili zake kwa flashi. Nikasikiliza sauti yake ikiwa tupu, bila chochote juu yake. Ilikuwa safi. Aliyemiksi alikuwa amepandisha chini ili isikike nzito, akapandisha juu kabisa ili ing'ae, na pale katikati akaacha shimo. Na katikati ndiko lugha inakaa.

Fikiria maneno mawili ya Kiswahili: nimepata na nimekata. Tofauti ni konsonanti moja. P, t, k, s, sh: nguvu za hizo konsonanti nyingi ziko kati ya Hz 2,000 na 8,000. Irabu zinabebwa zaidi na sehemu za chini ya hapo. Ukitoboa hapo kati, msikilizaji anabaki na irabu zinazoelea, hajui kama ulipata au ulikata. Kwa wimbo wa Kiingereza au Sheng, watu watakisia, kwa sababu wamesikia maelfu. Kwa Kitaveta, ambacho kina nyimbo chache zilizorekodiwa na vijana wachache wanaokiongea kila siku, neno likipotea hakuna wa kulikisia.

Basi hivi ndivyo ninavyopanga. Natumia FL Studio, kama wengi wetu huku. Ndani yake kuna Fruity Parametric EQ 2, yenye bendi 7. Bendi 7 si amri ya kutumia zote. Kwa huyu dada nilitumia 4.

Kwanza, nilikata chini. Sauti ya mwanamke mara nyingi haina cha maana chini ya Hz 120 hivi. Kilichoko huko ni stima, lori linalopita na mguu uliogonga stendi ya maiki. Kwa mwanaume shuka hadi 80, usimnyang'anye kifua chake.

Pili, nilitafuta matope. Chukua bendi moja, ifanye nyembamba, ipandishe, kisha itembeze taratibu kati ya Hz 200 na 500. Mahali chumba kinavuma kama mtungi, simama. Ishushe desibeli 3, ipanue kidogo. Lakini angalia: kitu chochote ukikipandisha sana kitasikika kibaya. Kwa hivyo usihukumu ukiwa umepandisha. Hukumu baada ya kukata, ukizima na kuwasha.

Tatu, niliongeza desibeli 2 karibu na Hz 3,000. Mbili tu. Maneno yakatoka.

Nne, nilishusha kidogo karibu na Hz 7,000, kwa sababu s zake zilianza kuuma.

Hiyo ilikuwa dakika kumi. Halafu nikafanya kile wengi wanaruka: nikasawazisha sauti kabla ya kulinganisha. Masikio yetu yanadanganywa na ukubwa. Kitu kikipanda sauti kidogo tu, tunadhani kimekuwa kizuri. Ndiyo maana kila priseti inaonekana tamu sekunde ya kwanza: nyingi zinaongeza.

Mwisho nikacheza kwa simu ya bei ya chini, spika ikiangalia juu, nje, watu wakipiga story. Spika ndogo kama ile haitoi besi ya maana. Kama wimbo wako unasimama kwa besi pekee, hapo unaanguka. Na huko ndiko watu wanakusikilizia: kwa simu, kwa redio ya bodaboda, kwa Probox ya kwenda Voi madirisha yakiwa wazi.

Tahadhari mbili. Usigeuze namba zangu kuwa priseti mpya. Ukirekodi ngoma za mwazindika kule Taita halafu ukate kila kitu chini ya 120 kwa sababu nimesema, utabaki na watu wanaogonga ndoo. Kule chini ndiko ngoma inaishi. Pia ikwalaiza si daktari wa kila ugonjwa. Mvua kwenye mabati imesambaa chini hadi juu, huwezi kuikata bila kukata mwimbaji. Subiri iishe. Mwangwi wa chumba tupu nao unatibiwa na godoro na blanketi ukutani kabla hujabonyeza kurekodi.

Najua jibu lenu. Mteja analipa kidogo, anataka wimbo jioni, na priseti ni haraka. Sawa. Basi tengeneza yako: chumba chako, maiki yako, ukate ule mvumo unaoujua, uihifadhi kama mahali pa kuanzia. Hiyo ni akili. Lakini kuazima masikio ya mtu ambaye hajawahi kusikia Kitaveta, halafu umwachie aamue ni sehemu gani ya sauti yetu ina maana, hiyo sikubali.

Kila ukivuta ile mstari juu au chini unachagua nani asikike na nani afunikwe. Ukichagua mng'aro badala ya maneno, hiyo ni haki yako kama wimbo ni wako. Kama ni wa mtu mwingine, muulize kwanza anamwimbia nani. Huyu dada hakusita hata kidogo. Alisema nyanya yake. Kwa hivyo huo ndio ukawa mpango wangu wa ikwalaiza, na bado natafuta priseti yenye swali kama hilo.