Mwalimu Amerudi Cheyo

Anayefika Tabora kwa mara ya kwanza hupokewa na miembe. Ipo kando ya barabara, ipo uani mwa watu, mingine minene kiasi kwamba watu wawili wakishikana mikono hawaizunguki. Wazee husema iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na misafara iliyopita hapa kati ya Ujiji na Bagamoyo, miaka mingi kabla reli haijatufikia mwaka 1912. Chini ya mwembe mmoja wa namna hiyo, katika kata yetu ya Cheyo, hukaa bibi ambaye kila Jumanne jioni, nikitoka zamu, hupita kumsafisha kidonda.

Bibi ana kisukari. Alikanyaga kijiti shambani bila kuhisi, kwa maana kisukari kikikaa mwilini muda mrefu huua fahamu za miguu. Idara ya akina mama ya kanisa letu imenipa kazi ya kuwatembelea wagonjwa wa mtaa huu, na ndivyo nilivyomfahamu binti yake, ambaye ndiye hasa ninayetaka kuwasimulia. Jina lake nalihifadhi. Hapa mtaani tunamwita Mwalimu.

Mwalimu alifiwa na mumewe akiwa bado kijana. Akapata kazi Marekani, akifundisha Kiswahili na uandishi katika chuo kimoja, akakaa huko miaka 9. Mtoto wake wa kike alimwachia bibi akiwa na miaka 5. Fedha alizotuma ndizo zilizoezeka nyumba bati na kulipa ada. Lakini fedha haijui kusuka nywele wala kuamka usiku mtoto akiwa na homa. Aliporudi alimkuta binti wa miaka 14 anayemwita bibi yake "mama". Yeye mwenyewe binti alimwita kama tulivyomwita sisi majirani: Mwalimu.

Lazima nikiri kosa langu. Siku ya kwanza tulijaa pale uani, na macho yetu yalikuwa kwenye masanduku. Mmoja aliuliza viatu, mwingine aliuliza simu. Mimi niliuliza kama angeweza kumtafutia mwanangu chuo huko. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza, "Mwenzetu, ulikuwa unaishije?"

Siku zake sasa ni kama zetu. Huamka kabla ya jogoo, hufagia majani ya mwembe, huwasha mkaa, humpikia mama yake uji. Njiani kwenda chuoni ilimbidi ajifunze tena kusimama, maana hapa kwetu huwezi kumpita mzee kwa kupunga mkono tu. Utasimama, utasema "Mwangaluka", utajibiwa, na utaulizwa habari za mgonjwa. Wiki ya kwanza alichelewa kipindi mara mbili kwa sababu ya salamu. Siku hizi huondoka nyumbani mapema zaidi.

Kule darasa lake lilikuwa na wanafunzi 12, nao walimbishia mchana kutwa. Hapa ana 120, nao wananyamaza. Aliwapa insha yao ya kwanza: eleza mikono ya mtu aliyekulea. Karibu wote wakaandika kwamba mzazi ni mtu muhimu sana katika jamii. Usiku, umeme ukiwa umekatika, nilimkuta akisahihisha kwa taa, na kwenye kila karatasi aliandika kwa wino mwekundu: "Mikono iko wapi?"

Jumamosi moja alinialika niongozane na wanafunzi wake hadi Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe aliloishi Livingstone mwaka 1872. Ni nyumba ya udongo yenye mlango wa kuchongwa, na siku hizi ni makumbusho. Nilidhani atawafundisha habari za Livingstone. Kumbe alikuwa na mtu mwingine moyoni.

Aliwakalisha kivulini akawasimulia juu ya Jacob Wainwright. Huyu alikuwa Myao, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa baharini na Waingereza, akasomeshwa Nasik huko India. Agosti 1872 alifika hapa Kwihara pamoja na watu waliotumwa na Stanley kutoka pwani. Livingstone alipofariki tarehe 1 Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Jacob, aliyejua kuandika, ndiye aliyechonga maneno kwenye mti pale walipozika moyo wa marehemu. Kisha yeye na wenzake, akina Chuma na Susi, waliubeba mwili hadi Bagamoyo, na safari hiyo iliwapitisha tena huku kwetu. Jacob alisafiri nao hadi London, akawa miongoni mwa waliolibeba jeneza katika Westminster Abbey mwezi Aprili 1874. Baadaye alirudi Afrika, akawatumikia wamisionari, na akafariki Urambo, hapo magharibi mwetu, mwaka 1892.

Mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye sijawahi kumsikia akisema neno, aliinua mkono. "Mwalimu, huyo Jacob aliporudi, nani alimsikiliza?"

Mwalimu hakujibu. Aligeuka akautazama mlango ule wa kuchongwa kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Hilo ndilo swali la insha yenu."

Njiani tukirudi aliniambia siri yake. Chuo chake cha zamani kilikuwa kimemwandikia kumtaka arudi, mshahara mkubwa kuliko wa mwanzo. Dawa za mama ni ghali, na binti anakaribia kidato cha tano. "Na hapa nyumbani," alisema, "hakuna anayenihitaji ila kwa fedha. Hata kidonda cha mama naogopa kukigusa."

Nilitaka kumshauri aende. Nilimkumbuka mwanangu, nikaona aibu, nikanyamaza.

Jumanne iliyofuata nilichelewa zamu. Nilipofika kwa bibi, giza lilikuwa limeingia. Nilisimama mlangoni nisiingie. Binti alikuwa amepiga magoti mbele ya mguu wa bibi, na Mwalimu kando yake, mikono ikimtetemeka. Binti nilimfundisha mwenyewe, na alikuwa akiyarudia maneno yangu moja baada ya jingine: nawa mikono kwanza kwa sabuni, maji yawe safi, yaliyochemshwa yakapoa, usiweke majivu wala dawa ya meno, kausha vizuri katikati ya vidole, angalia na ule mguu mzima usiouma. "Usiogope, Mwalimu," alisema. "Shika hapa. Mimi pia niliogopa."

Walipomaliza, wakapakua michembe iliyopikwa kwa karanga. Binti akauliza, bila kuinua uso, "Huko jioni ulikuwa unakula nini?"

Mwalimu akamwambia kweli. Kwamba wakati wa baridi kali giza huingia saa kumi na moja jioni. Kwamba mara nyingi alikula mkate akiwa amesimama dirishani, saa ambayo hapa Cheyo ni usiku wa manane, akijiuliza kama mtoto amejifunika. Binti alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasogeza sahani yake karibu na ya mama yake, wakaendelea kula.

Mwalimu amekijibu chuo kile kwamba hatarudi. Haikuwa rahisi, mwezi ukifika katikati, mfuko unamwambia mengine, na sasa hufundisha masomo ya jioni ili dawa zipatikane. Binti bado anamwita bibi "mama". Yeye siku hizi anamwita "Mama Mwalimu". Ni nusu ya njia, na Mwalimu anasema nusu hiyo inamtosha kwa mwaka huu.

Akina mama wenzangu, Naomi aliporudi Bethlehemu baada ya miaka yapata kumi huko Moabu, wanawake wa mji walishangaa wakaulizana kama kweli ndiye. Hatusomi kwamba yupo aliyempelekea mtungi wa maji siku ile. Lakini baadaye wanawake hao hao majirani ndio waliofurahi naye, mtoto alipowekwa kifuani pake. Nasi tunaweza kuchelewa, tusikose kabisa. Kama mtaani kwako yupo aliyerudi, iwe kutoka Marekani, Omani au Dar es Salaam, acha kuyahesabu masanduku yake. Nenda na michembe yako, kaa chini, umuulize jioni alikuwa anakula nini.