Kopo na Soya

Mama alirudi nyumbani, hapa Luano, amebaki mifupa. Daktari alikuwa amesema: protini. Mjini nikaona kopo la protini ya unga, ile inayotolewa katika maji yanayobaki maziwa yakitengenezwa jibini. Bei yake ingemeza nusu ya minervali yangu. Nikampigia picha nimwonyeshe.

“Mwana, hii njo chakula ao njo dawa?”

Mimi msomi wa lugha nikakosa jibu, kwa Kifaransa hata kwa Kiswahili chetu.

Nikanunua soya sokoni. Gramu 100 zake zina protini gramu 36 hivi. Mahindi hayafiki 10. Tuliikaanga kwanza bila mafuta, maana soya mbichi huzuia tumbo lisimeng’enye protini, tukaisaga na kuipika uji pamoja na unga wa mahindi. Ndakala za kusaga zina protini zaidi, lakini harufu ilimshinda. Karanga nilizichambua moja moja, zenye ukungu nikatupa.

Wiki ya tatu aliomba bukari. Minervali nililipa kwa kuchelewa hata hivyo: sehemu yake ilikwishaliwa na mayai na makala ya jiko.