Vishale Viwili

Gari ninalolitumia ni kongwe. Ni Land Rover ya aina ya Series III, iliyoundwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985, nami niliirithi kwa mjomba wangu aliyekuwa bwana shamba katika milima yetu ya Kigezi. Alinikabidhi ufunguo kwa sharti moja tu, kwamba nisiiache injini ikaungua. Kwa hiyo walimu wenzangu watanisamehe nikikiri kuwa, kwa muda wa miezi mitatu, jambo lililoninyima usingizi halikuwa mitihani wala mitaala, bali mshale mdogo kuliko kijiti cha kiberiti.

Mshale huo ni wa kipimo cha joto la maji ya injini. Mji wa Kabale uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake zina ukungu na baridi ya kuuma vidole. Lakini hata kabla sijaupita mteremko wa kwanza, mshale ulikuwa umekwisha kupanda hadi kwenye alama nyekundu na kutulia huko kama mwenye nyumba. Nilimwendea fundi mmoja wa mjini. Akaisafisha rejeta, nikalipa. Akabadilisha thamostati, nikalipa. Mshale haukutikisika. Hapo akashauri tuifungue injini kichwa, kazi ambayo ingemeza mshahara wangu wa mwezi mzima. Simwiti mwizi. Aliuamini mshale kama nilivyouamini mimi.

Jumamosi moja niliazima kipimajoto katika maabara ya shule. Injini ikiwa baridi kabisa nilifungua kifuniko cha rejeta (ole wake afunguaye injini ikiwa moto, kwani maji yaliyobanwa humrukia usoni), nikakitumbukiza kipimajoto majini, kisha nikawasha na kungoja. Zebaki ilipanda polepole, ikapita kidogo nyuzi 80, ikasimama. Ndani ya gari, mshale ulikuwa kwenye nyekundu. Basi nikajua kuwa ninadanganywa, nikafurahi, nikaacha kuutazama.

Furaha hiyo haikudumu. Kila nilipopanda mlima wazo moja lilinijia: siku mshale huu utakaposema kweli, nitajuaje? Kipimo kinachosema "moto" siku zote ni sawa na kutokuwa na kipimo, na pengine ni kibaya zaidi, maana kinamfundisha dereva kupuuza.

Siku ya safari ya Kisoro ndipo mambo yalipofunguka. Nilipofika Muko gari lilizimika. Petroli ilikuwa imekwisha, ingawa kipimo cha mafuta kilionyesha robo ya tangi. Niliilaumu haraka yangu, nikatuma kijana na jerikeni, nikaendelea kupanda hadi kileleni Kanaba na kuteremka Kisoro. Huko nilimkuta fundi mzee aliyetoka upande wa pili wa mpaka, Kongo, nikamsimulia habari za joto. Ile ya mafuta niliificha kwa aibu. Mzee hakufungua boneti. Aliegemea mlango, akauliza kwa Kiswahili cha kwao: "Mwalimu, na ile ya esanse iko inasema nini?"

Ikanibidi niseme yaliyonipata Muko. Mzee akacheka.

Vipimo vya gari hili, cha mafuta na cha joto, havipati umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri ya volti 12. Kati yao na betri pana kidude kidogo cha bati, nyuma ya dashibodi, kinachoupunguza umeme huo na kuvigawia vyote viwili kipimo kimoja cha volti 10 hivi. Ndani yake mna kipande cha madini mawili yaliyounganishwa: umeme ukikipasha moto hupinda na kukata njia, kikipoa hunyooka na kuifungulia tena. Lakini ili kifanye kazi hiyo, ganda lake lazima ligusane vizuri na bodi la gari. Kutu ikiingia hapo, kidude hakipati moto, hakikati kitu, na umeme hupita wote. Ndipo vishale vyote viwili husoma juu kuliko ukweli, kimoja kikisema injini inaungua, kingine kikisema mafuta yapo tele. Mimi nilikisikia kimoja tu, kwa sababu ndicho kilichonitisha.

Mzee alilegeza skrubu moja, akasugua kwa msasa hadi bati likang'aa, akakaza. Dakika kumi. Alikubali bei ya chai tu.

Usiku ule, nikiwa nyumbani, niliyarudia madaftari ya insha za kidato cha pili, yaliyokuwa na wino mwekundu kila ukurasa. Mada ilikuwa urafiki. Wanafunzi 38 kati ya 41 walikuwa wameandika "rafiki wangu", "ndugu wangu", "mama wangu", nami nilikuwa nimempunguzia kila mmoja alama, mmoja mmoja, na chini ya baadhi ya insha nimeandika "Uzembe!" Nilikaa kimya kitambo. Kisha nikaenda kulitafuta daftari langu la maandalio. Mwezi wa pili niliwaandikisha kwa mkono wangu kuwa nomino zote za viumbe hai huchukua upatanisho wa a- na wa-, "pasipo ubaguzi". Sikusema kwamba "mjomba wangu" ni sawa, ila rafiki, ndugu, mama na baba husema "yangu". Neno hilo "pasipo ubaguzi" nililipigia mstari.

Kuna jambo moja lililonichoma zaidi. Katika daftari la binti mmoja aliyelelewa Bunagana, mpakani, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni, niliona alama ya ufutio. Chini yake lilisomeka bado neno "yangu". Alikuwa ameandika sawasawa, akakumbuka somo langu, akalifuta, akaandika "wangu". Nami nikamkata alama.

Kesho yake nilimwomba mwalimu mkuu anirudishie orodha ya alama, ambayo nilikuwa nimekwisha kuiwasilisha. Hakupendezwa, na hakuficha. Darasani nilifuta kanuni yangu ubaoni mbele yao, nikamwita binti yule asome sentensi yake kama alivyoiandika mara ya kwanza. Alisita, akanitazama kana kwamba ni mtego, kisha akasoma.

Mshale sasa hukaa chini kidogo ya katikati. Nikipanda Kanaba husogea juu kidogo, nami hupunguza mwendo.