Tulikopeleka Mikanda Yetu

Sisi wapiga picha wa Dar es Salaam tulioanza kazi miaka ya 1990 tulijua jambo ambalo wateja wetu wengi hawakulijua: sehemu kubwa ya sifa tulizopewa, na ya lawama vilevile, haikuwa yetu. Ilikuwa ya mtu aliyekaa nyuma ya kaunta, kwenye joto la mashine, akipokea mikanda na kuturudishia bahasha za picha. Bwana harusi akiona albamu imependeza alisema, "Kamera yako kali sana." Hakuuliza picha zimesafishwa wapi. Sisi kwa sisi tulikuwa hatuulizani kingine. Tukikutana nje ya kanisa au mlangoni mwa ukumbi, salamu ilifuatiwa na swali hilohilo: siku hizi unasafishia wapi?

Maabara za picha zilikuwa nyingi wakati ule. Ukitembea mjini au Kariakoo ulikutana na mabango ya njano ya Kodak, ya kijani ya Fuji na ya buluu ya Konica, na kila mahali maneno yaleyale: picha kwa saa moja. Kabla ya hapo kazi ya picha ilikuwa ya mtu mmoja na chumba chake cha giza. Studio za zamani za pwani, kama Capital Art Studio ya Unguja iliyofunguliwa 1930, zilijengwa juu ya utaratibu huo: aliyepiga ndiye aliyesafisha. Kampuni ya Noritsu ya Japani ilipotoa mashine yake ndogo ya kusafishia picha za rangi madukani, mwaka 1976, kazi hiyo iligawanyika. Mpiga picha akabaki na kamera, na picha zake zikawa mikononi mwa fundi ambaye hakuwapo shughulini na hamjui bibi harusi.

Ajabu ni kwamba karibu kila kitu kilikuwa sawa katika maabara hizo. Mashine zilifanana. Dawa nazo zilifuata utaratibu mmoja, C-41, ambao Kodak iliutoa mwaka 1972 na watengenezaji wengine wa mikanda wakaufuata. Mkanda unaingia kwenye dawa ya kwanza yenye joto la nyuzi 37.8 na kukaa humo dakika 3 na sekunde 15. Joto hilo halitakiwi kupanda wala kushuka hata nyuzi 0.2. Kisha zinafuata dawa za kuondoa fedha, halafu suuza, halafu kukausha. Mkanda wangu ungeweza kupita mtaa wowote na kukutana na safari hiyohiyo. Mbona basi picha za duka hili zilitoka na nyuso zenye uhai, na za duka la pili zikatoka zimefifia kama shati lililofuliwa mara nyingi?

Jibu nililipata kwa mzee mmoja aliyekuwa akiendesha mashine katika duka dogo ambalo kwa nje halikuwa na mvuto wowote. Sote tulimwita Mzee. Asubuhi, kabla hajapokea kazi ya mtu, alipitisha mashineni kipande maalumu cha mkanda kilichokwisha kupigwa mwanga kiwandani. Kilipotoka alikipima kwa kifaa cha kusomea wepesi na uzito wa rangi, akatia nukta kwenye chati iliyobandikwa ukutani. Nukta ikitoka nje ya mstari, duka lilifunguliwa lakini mashine haikupokea mkanda mpaka ajue kasoro ni nini: joto, au dawa iliyochoka. Kwa maana dawa huchoka. Kila mkanda unaopita unakula sehemu ya nguvu yake, na mashine inapaswa kuongezewa dawa mpya kwa kipimo. Wapo waliopunguza kipimo hicho ili kubana matumizi. Mteja hakuweza kuliona hilo dukani, lakini aliliona kwenye albamu.

Siku moja nilimpelekea malalamiko ya mikanda niliyokuwa nimeisafishia kwingine.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, kijana. Lete tuone."

Aliweka negativu juu ya kisanduku cha taa, akavaa miwani. Nilitarajia atatazama nyuso. Akaweka kidole pembeni, kwenye ukingo wenye matundu, palipoandikwa jina la mkanda na namba za picha.

"Usianze na watu," akasema. "Anza na haya maandishi. Haya hukuyapiga wewe, yamepigwa kiwandani, na yanapigwa sawasawa kila mkanda. Yakiwa meusi ya kutosha na picha zako ni nyepesi, hapo mwanga ulikuwa mdogo kwenye kamera. Yakiwa yenyewe yamefifia, basi mkanda haukuiva kwenye dawa. Umeona haya?"

Yalikuwa yamefifia. Namba zilisomeka kwa shida. Tangu siku ile sijawahi kupokea mkanda bila kutazama ukingo wake kwanza, na vijana wote waliojifunza kazi kwangu nimewafundisha hivyo.

Mzee alinifundisha pia kutenganisha makosa mawili ambayo wengi wetu tuliyachanganya. Kuna kosa la kusafisha mkanda na kuna kosa la kuchapa picha. La pili lina dawa: negativu ipo, unaipeleka kwa fundi mwingine anachapa upya. La kwanza, mara nyingi, halina. Dawa ya kuondoa fedha ikiwa dhaifu mkanda unaweza kurudishwa ukapitishwa tena. Lakini dawa ya kwanza ikikosea, hakuna mahali pa kurudi. Tulilijua hilo kwa uchungu nyakati za mgawo wa umeme. Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, mikanda iliyokuwa ndani ya mashine ilisimama kwenye dawa ikizidi kuiva. Ubatizo wa mtoto haupigwi tena wiki ijayo.

Upande wa kuchapa ndiko macho ya fundi yalikotakiwa zaidi, na hasa kwa watu wa rangi yetu. Mashine ya kuchapa ikiachwa peke yake hupima wastani wa picha nzima na kudhani wastani huo ni kijivu. Bibi harusi mwenye gauni jeupe lililojaza picha humdanganya mpimaji: mashine huona weupe umezidi, inaongeza mwanga kwenye karatasi, gauni linakuwa la kijivu na uso wake unazama gizani. Ukumbini usiku mambo hugeuka: giza la nyuma linaifanya mashine ipunguze mwanga, na nyuso zilizopigwa flashi zinapauka. Ukumbi ukipambwa kwa kijani kitupu, nyuso zinaingia uwaridi. Fundi anayejua anaiona negativu, anabonyeza kitufe cha kupunguza au kuongeza, anarekebisha rangi moja baada ya nyingine, picha kwa picha. Mzee alifanya hivyo. Mahali pengine picha zote za mkanda zilipita bila kuguswa, nasi tukaambiwa kwamba tatizo ni "ngozi nyeusi haishiki mwanga."

Kauli hiyo ilituudhi, na haikuwa kweli. Kwa miaka mingi Kodak ilizipa maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, na mafundi waliiita Shirley. Rangi ya ngozi yake ikitoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Ni katika miaka ya 1990 ndipo ilipotoka kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Mzee alikuwa amejitengenezea kipimo chake: picha ya watu wa mtaani kwake, weusi na maji ya kunde, waliosimama kivulini karibu na ukuta wa kijivu. Kila alipobadilisha karatasi au dawa aliichapa picha hiyo kwanza.

Mahafali ndiyo yaliyoonyesha thamani ya fundi wa namna hiyo. Tulipiga wahitimu asubuhi, kijana mmoja akachukua mikanda na kukimbia nayo mjini, na kabla wageni hawajatawanyika tulikuwa tumerudi na picha za kuuza. Mzazi aliyemwona mwanawe amevaa joho, uso wake ukiwa na nuru yake halisi, alinunua bila kubembelezwa. Picha iliyotoka nyeusi ilibaki mkononi mwetu.

Kisha zikaja mashine za dijitali. Fuji ilikuwa imetoa Frontier tangu 1996, lakini sisi tulianza kuzizoea miaka ya 2000. Ndani yake negativu haikumulikwa tena moja kwa moja juu ya karatasi. Iliskaniwa kwanza, kisha leza ikaichora picha kwenye karatasi. Ubora ulipanda kweli. Fundi aliona picha kwenye skrini kabla ya kuichapa, na angeweza kuokoa sura ambayo zamani ingepotea. Lakini programu nazo zilikuja na tabia zao: kukazia kingo mpaka nywele zikawa kama waya, kuongeza rangi mpaka nyasi zikang'aa kupita asili yake. Maduka mengi yaliacha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Tukaanza pia kupewa CD. Wateja walifurahi, wakadhani sasa wana picha yao yote humo. Kumbe faili za CD za kawaida zilikuwa ndogo. Picture CD ya Kodak, kwa mfano, ilikuwa na pikseli 1024 kwa 1536, zinazotosha picha ya albamu lakini si ya kutundika sebuleni.

Kamera za dijitali ndizo zilizomaliza mchezo. Konica Minolta ilitangaza kujitoa kwenye biashara ya picha mwaka 2006, na Januari 2012 Kodak ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Kwetu mabadiliko yalikuwa ya polepole zaidi, na ubora ulianza kushuka kabla maduka hayajafungwa. Mashine iliyozoea kupokea mikanda kutwa nzima ikawa inapata michache kwa wiki. Dawa inakaa kwenye tangi, ina joto, inakutana na hewa, inaharibika. Mikanda ikaanza kutoka na vivuli vya kijani na sehemu nyeupe zenye uwaridi, kasoro ambayo ukiirekebisha huku inajitokeza kule. Hata fundi mzuri hawezi kushinda tangi lililolala. Mzee alistaafu wakati huo, na duka lake likageuka la kuuza simu.

Miaka ya karibuni nimerudi kwenye masanduku yangu ya negativu ili kuzihifadhi kwa kuskani, na nimekuta swali letu la zamani bado lipo: unaskania wapi? Nina picha ya marehemu bibi yangu mlangoni kwake, amejifunga khanga nyeupe yenye mapambo mekundu. Skani ya kwanza niliyoipata dukani ilimwonyesha amevaa kitambaa cheupe kitupu, na nyuma yake mlango ni shimo jeusi. Nikaipeleka negativu ileile kwa kijana mwingine anayeskani kwa subira. Akapunguza tofauti ya mwanga na giza, akapima sehemu nyeupe kabla ya kuskani, akaacha faili kubwa isiyobanwa. Maua ya khanga yakaonekana, maneno yake yakasomeka, na kwenye mlango zikatokea nakshi. Negativu ilikuwa imeyashika yote hayo tangu siku ya kwanza.

Nawaona pia vijana wanaonunua mikanda upya, na ningependa wasianzie tulikoanzia. Kabla hujaacha mkanda wako, muulize fundi husafisha mikanda mara ngapi kwa wiki na dawa ilibadilishwa lini. Anayejali kazi yake atajibu bila kukasirika. Ukirudishiwa, tazama maandishi ya ukingoni. Ukiletewa skani, uliza ukubwa wa faili, na omba isikaziwe kingo.

Na nyinyi mlio na bahasha za zamani kabatini, msitupe negativu kwa sababu picha mnazo. Picha ile ni kazi ya fundi mmoja, siku moja, pengine kwa haraka, na anaweza kupatikana mwingine akaifanya vizuri zaidi. Zitoeni kwenye mifuko yenye unyevu kabla ukungu haujazila, zitieni kwenye bahasha za karatasi safi mahali pakavu, na andikeni juu yake mwaka na majina ya waliomo. Mkishindwa kuziskani nyinyi, wajukuu wenu watazikuta.