Maji moto ya Mama

Wasomaji wangu, niwieni radhi kwa kimya. Julai hii nilikuwa Limuru kwa Mama, na baridi ya huko mnaijua. Magoti yanamuuma, na bado huchemsha maji ya kuoga kwa kuni.

Kama kawaida yangu, nilianza na hesabu. Kupasha lita 100 kwenye tangi kutoka nyuzi 18 hadi 60 kunataka karibu yuniti 5 za umeme. Shawa ya umeme ya wati 5,000, dakika 10, haifiki hata yuniti moja. Hita ya jua? Julai Limuru ni ukungu mtupu. Basi, shawa!

Fundi alipofungua swichi kuu akatikisa kichwa. Nyumba nzima haina waya wa kupeleka umeme ardhini. Hitilafu ndogo tu, na maji yenyewe yangempiga Mama shoti. Hilo halikuwamo katika hesabu zangu.

Pesa za shawa zikaenda kwenye nyaya. Shawa ni mwezi ujao. Nilipomwomba Mama msamaha, alicheka: "Mwanangu, kuni nimezizoea. Huo mtambo wako ndio ungeniua."

Kabla ya kununua hita, kagueni nyaya kwanza.